Viwavi wenye pembe kwenye nyanya: tafuta kinyesi kwanza, dawa subiri

Mkuu mleta mada, nimesoma maelezo yako mara mbili. Jana jioni mche wa nyanya ulikuwa mzima, leo asubuhi matawi mawili ya juu yamebaki vijiti vitupu, chini kuna vitu vyeusi kama mbegu, na umepekua nusu saa bila kuona mdudu. Sasa unataka kutafuta dawa kali upige bustani yote. Nakuomba usipige kwanza. Mimi nimepita hapo hapo, na msimu niliokimbilia dawa ndio msimu niliovuna kidogo kuliko yote.

Huyo ni kiwavi mwenye pembe, na hizo si mbegu, ni kinyesi chake. Okota punje moja uiangalie kwa karibu: ni kama kipipa kidogo chenye mifereji iliyopita kwa urefu. Ikiwa mbichi ni ya kijani iliyokolea na ina unyevunyevu. Ikikaa inakauka na kuwa nyeusi. Ukikuta mbichi juu ya jani, usianze kupekua mche mzima. Simama hapo hapo, inua macho wima kutoka kwenye hiyo punje, angalia upande wa chini wa vikonyo. Mwenyewe yuko juu yake.

Humwoni kwa sababu rangi yake ni ile ile ya jani la nyanya, na mistari myeupe ya ubavuni inavunja umbo lake jicho lisimkamate. Mchana hujibanza chini ya kikonyo kichwa kimeinama, ametulia kama sehemu ya mmea. Wa kwanza kabisa mimi sikumwona, nilimshika. Nilikuwa nafunga shina kwenye mti wa kuegemea, nikakamata kitu nikidhani ni tawi, kikawa laini na baridi, kisha kikakaza. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 10, unene wa kidole, na nilikuwa nimepita mbele yake kila siku wiki nzima.

Hilo ndilo linalowachanganya watu wengi: uharibifu unaonekana wa usiku mmoja, lakini mla yupo hapo siku nyingi. Nondo, yule mdudu anayezaa viwavi hawa, hutaga yai moja moja, mara nyingi chini ya jani, dogo, la mviringo, rangi ya kijani kilichopauka. Kiwavi anayetoka ni mwembamba kama uzi. Anakua kwa wiki tatu hadi nne, anajivua ngozi mara nne, na sehemu kubwa kabisa ya chakula chake chote anakila katika hatua ya mwisho. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo huoni kitu zaidi ya vitundu, halafu ghafla mche unanyolewa.

Na kama unaihofia ile pembe ya kiwavi: iko mkiani, ni laini, haichomi wala haina sumu. Ukimshika atainua kifua, pengine atatema maji ya kijani. Vaa glavu kama unaona kinyaa, lakini hakuna cha kukudhuru. Miguu yake ya nyuma ndiyo yenye nguvu, anang'ang'ania kikonyo kwelikweli, hivyo mvute taratibu au kata kile kipande cha jani uondoke naye. Mimi nawatia kwenye ndoo ya maji yenye sabuni. Mwenye kuku awape kuku.

Muda mzuri ni usiku. Kama unaweza kupata tochi ya UV, ile ya mwanga wa zambarau, kazi inakuwa nyepesi mno: majani yanabaki meusi, kiwavi anawaka kijani cha kung'aa. Usiku wa kwanza niliitumia nilitoa 11 kwenye miche ambayo mchana ule ule nilikuwa nimeikagua nikasema ni safi. Usimulike machoni tu, yako wala ya mtoto.

Sasa nije kwenye sababu hasa ya kukuzuia dawa. Msimu ule niliousema, nilipiga dawa ya kuua wadudu wa kila aina, bustani nzima, mara mbili ndani ya wiki. Viwavi walikufa, sikatai. Baada ya muda mfupi majani yakajaa vidukari, kisha utitiri mwekundu, nikawa kila nikitoka nje nakuta jani limepauka. Nilikuwa nimeua waliokuwa wakiwala hao. Msimu uliofuata sikupiga kitu, na ndipo nikaona jambo ambalo ningependa ulione mwenyewe.

Nilimkuta kiwavi mkubwa kwenye tawi la chini, mgongoni amebeba vitu vyeupe kama punje za mchele, vimesimama wima, vimesongamana kuanzia shingoni hadi karibu na pembe. Watu wengi hudhani ni mayai yake, wanamponda. Si mayai, ni vifukofuko vya nyigu. Kuna nyigu mdogo sana, wa milimita chache tu, anaitwa Cotesia congregata. Anamdunga kiwavi angali mdogo, anaacha mayai ndani ya mwili, na pamoja na mayai anaingiza virusi vinavyozima kinga ya kiwavi ili mayai yasiangamizwe. Mabuu wa nyigu wanakulia humo ndani, wakishiba wanatoboa ngozi na kila mmoja anajifumia kifuko chake pale nje. Kiwavi huyo hajafa bado, lakini amekwisha acha kula. Nilipomgusa aligeuza kichwa polepole, basi. Nilimwacha. Siku chache baadaye kila punje ilikuwa na kifuniko kimefunguka juu kama cha kopo, na nyigu wamekwenda kutafuta viwavi wengine. Mkuu, ukimkuta wa namna hiyo, usimguse. Kama unahitaji hilo tawi, kata na kiwavi wake, uweke kivulini kando ya bustani.

Kwa mwenye miche mingi asiyeweza kuokota kwa mkono, ipo dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis aina ya kurstaki, watu wanaiita Bt tu. Inaua viwavi wanaokula jani lililopigwa, nyigu na nyuki inawaacha. Ipige jioni kwa sababu jua huiharibu haraka, na ipige viwavi wakiwa wadogo. Kwa jitu la sentimita 10 unapoteza dawa. Huyo mtoe kwa mkono.

Wachangiaji wawili hapo juu wanabishana kuhusu rangi ya pembe, na wote wako sahihi. Mwenye pembe nyekundu na mistari saba ya mshazari ni Manduca sexta. Mwenye pembe nyeusi-buluu na alama nane zenye umbo la V ni Manduca quinquemaculata. Hao ni wa Amerika. Afrika na Ulaya, anayekula nyanya, viazi mviringo na bilinganya ni ndugu yao, Acherontia atropos, mwenye pembe iliyopinda na yenye vipele, na nondo wake ana alama kama fuvu la kichwa mgongoni. Kumtafuta ni kule kule, kwa kinyesi.

Msimu ukiisha, pindua udongo. Kiwavi akikomaa hushuka na kujizika sentimita 10 hadi 15 hivi, anageuka pupa la kahawia (hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo), na la Manduca lina kitu kilichopinda mbele kama mkono wa jagi. Ng'oa pia mnavu unaojiotea kando, maana nondo hutaga huko.

Na ile miche yako miwili iliyonyolewa, usiing'oe. Yangu ilichipua upya kwenye makwapa ya majani ndani ya wiki mbili. Matunda yaliyobaki wazi yafunike kwa kitambaa chepesi yasiungue na jua, na yaliyotafunwa yachume sasa kabla hayajaoza.