Briji ya waifai kati ya nyumba na steshenari inakatakata, ninunue antena kubwa?

SWALI: Habari fundi. Niko Nzuguni hapa Dodoma, intaneti iko nyumbani na nimefunga antena mbili za nje za 5 GHz kurusha mpaka kwenye steshenari yangu, kama mita 150 hivi. Mwezi wa tisa ilikuwa poa kabisa ila sasa hivi inakata mara kwa mara hasa jioni, inapotea dakika moja mbili halafu inarudi yenyewe. Simu inaonyesha waifai imejaa. Mteja anajaza fomu ya mkopo wa chuo inakata katikati anaanza upya. Kuna fundi kaniambia ninunue antena kubwa zaidi, ninunue?

JIBU: Nzuri dada, pole sana, najua mteja akianza fomu upya mara mbili ya tatu anahamia fremu ya jirani. Antena usinunue kwanza. Mita 150 ni karibu mno kwa antena za nje, hata zile ndogo za bei ya chini zinafika bila shida, kwahiyo ukiweka kubwa juu ya tatizo usilolijua utakuwa na tatizo lilelile na hela huna.

Halafu hiyo waifai unayoiona imejaa kwenye simu ni ya rauta iliyopo hapo dukani, haikwambii chochote kuhusu hewani kati ya duka na nyumbani. Wengi wanapotezwa hapo.

Sasa fanya hivi. Kwenye kompyuta ya dukani fungua madirisha manne ya amri (Command Prompt), kila moja andika ping -t na anwani yake: antena ya dukani, antena ya nyumbani, rauta ya nyumbani, na ya mwisho 8.8.8.8, hiyo ni ya Google, iko nje kwenye intaneti. Acha vikimbie mpaka jioni ikate. Ikigoma 8.8.8.8 peke yake basi briji yako haina tatizo, anayekata ni mtoa huduma. Ikigoma kuanzia antena ya nyumbani ni hewani, au hiyo antena ya nyumbani imezima. Ikigoma mpaka ya dukani hapo ni umeme au waya wa dukani kwako.

Ikisharudi tu, ingia kwenye ukurasa wa kila antena uangalie imewaka kwa muda gani, imeandikwa uptime. Hii ndo naipenda kuliko vipimo vyote maana haidanganyi. Ukikuta antena ina dakika mbili tu tangu iwake, basi ilizima ikawaka upya, achana na mambo ya mawimbi nenda kwenye umeme. Jioni watu wote wanawasha vitu umeme unashuka, adapta iliyochoka inashindwa, na kama waya uliopanda kwenye bomba ni ule wa bei rahisi wa alumini iliyopakwa shaba, umeme unapungua zaidi njiani. Badilisha adapta kwa majaribio, kata vichwa vya waya ufunge vipya, na uangalie ganda, maana waya uliotengenezwa kwa ndani ya nyumba ukiuanika kwenye jua letu hili unapasuka mapema.

Ila ukikuta antena zote mbili zina siku kadhaa bila kuzima na kilichoanza upya ni muunganiko tu, angalia chaneli. Kwa 5 GHz, chaneli za 52 mpaka 144 mashine inatakiwa kuzipisha rada, ikihisi rada hata kama kahisi kimakosa inahama, na kabla ya kurusha kwenye nyingine ya kundi hilo inasikiliza kwanza angalau sekunde 60. Dakika yako moja moja hiyo inanitia shaka sana! Weka nchi Tanzania, toa auto, chagua chaneli iliyo nje ya hapo ambayo mashine inakuruhusu, na upana wa chaneli punguza uwe 20 MHz, kwa fomu na PDF unatosha kabisa.

Kingine, umesema mwezi wa tisa ilikuwa poa. Huko kwenu kuna mbuyu katikati? Kiangazi unakuwa mtupu, mvua zikianza unajaa majani, na majani mabichi yanakula mawimbi vibaya. Kuonana kwa macho hakutoshi, kwa umbali wako acha kama mita moja na nusu wazi kuzunguka mstari wote. Na upepo wetu wa kiangazi unageuza bomba taratibu, kaza boliti. Nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, ipo kwenye ukurasa wa antena, iwe kati ya -45 na -60 dBm, ikiwa -75 huko kuna kitu kimeziba au antena imegeuka, ikizidi -35, mfano -30, punguza nguvu ya kurusha maana nayo inaharibu.

Rauta ya dukani zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, iachie ya nyumbani, na anwani yake isifanane na ya nyumbani, zisije zikagongana.

Nitumie picha ya uptime za antena zote mbili uliyopiga dakika ileile mtandao umerudi, pamoja na namba ya chaneli, nikuambie kitu gani hasa cha kubadilisha.