Kushusha injini ya Vitz nyumbani kwa winchi

Kaka, hilo wazo lako la kufunga winchi kwenye tawi la mwembe ili ushushe injini ya Vitz achana nalo kabisa, injini ya silinda 4 ikiwa na gia boksi ni mzigo wa kuvunja mguu wa mtu na tawi halikupi taarifa, bora ukodi winchi ya magurudumu ya tani 1 au uchomelewe stendi ya mabomba mazito, na uiweke kwenye sakafu ya zege sio mchanga.  Anza kwa kuchomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa gari mpaka izime yenyewe, hapo presha kwenye laini ya petroli imeshuka. Halafu njoo kwenye betri, toa terminal ya negativu kwanza. Mwaga maji ya rejeta na oili ya gia kabla hujachomoa shafti za magurudumu. Kompresa ya AC usifungue mabomba yake, fungua boliti tu uifunge pembeni kwa kamba, gesi inabaki humo. Piga picha kila soketi kabla hujaichomoa, nakuomba sana hilo. Maunting, yaani vishikizo vya injini kwenye bodi, ndo za mwisho kufungua, mnyororo wa winchi ukishakaza. Na mtu asiingie chini injini ikiwa inaning'inia, hata sekunde moja.