Udi Hauondoi Mkojo wa Paka

Jumapili iliyopita walikuja wageni wa posa ya binti yangu. Wanawake saba, wanaume wanne, wakakaa sebuleni kwangu hapa Ngamiani, Tanga, kuanzia baada ya alasiri mpaka maghribi inakaribia. Ndani ya nyumba hii nina paka tisa, na uani kuna kuku sita wa kienyeji na njiwa. Hakuna aliyejua, mpaka jike langu la rangi tatu lilipotoka chumbani na kupita kando ya sahani za kaimati. Mama wa kijana akashtuka: "Kumbe mnafuga paka humu!"

Neno hilo nililisubiri miaka mitatu.

Miaka mitatu iliyopita, Ramadhani, niliwaita wakwe zangu wote kufuturu. Tumemaliza tende na uji, nikamtandikia wifi yangu mswala ili aswali maghribi. Aliinama kuunyoosha ncha, akatulia, akaukunja taratibu na kuuweka juu ya kochi. "Nitaswali nyumbani, wifi yangu." Hakusema zaidi ya hapo, na wengine wakatazamana. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, lakini neno lililoachwa na mgeni haliondoki naye. Wiki ile ile mtoto aliyetumwa kwangu na barua ya kikundi alielekezwa hivi: nyumba ile inayonuka paka. Mimi, niliyelelewa na mama anayefagia uwanja kabla ya jua kutoka!

Nakuandikia wewe mwenye paka watatu, watano, ambaye hutaki kuwatupa na hutaki kuaibika. Najua upo, na unataka vyote viwili kama nilivyotaka mimi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa udi. Nilichoma asubuhi, mchana na jioni, chetezo hakipoi. Nyumba ikawa inanuka udi na mkojo pamoja, na hiyo ni mbaya kuliko mkojo wenyewe. Kosa la pili lilikuwa jiki. Nilimimina karibu chupa nzima pembeni mwa kochi, nikapiga magoti nisugue, macho yakaniwaka, kifua kikabana nikatoka nje nakohoa. Klorini ya jiki ikikutana na amonia ya mkojo inatoa hewa ya sumu. Usifanye hivyo hata siku moja, na usichanganye jiki na siki pia, hiyo nayo ni sumu.

Bwana mifugo alipokuja kumtazama dume wangu mgonjwa ndiye aliyenifungua macho. Nilimlalamikia kwamba kiangazi nyumba inakaa vizuri, ikifika masika harufu inarudi hata pale nilipodeki mara kumi. Akanieleza kuwa ndani ya mkojo wa paka mna chembe za asidi ya uriki ambazo maji matupu hayaziyeyushi. Zinakauka, zinakaa kimya kwenye zulia na kwenye saruji, na hewa ikijaa unyevunyevu zinaamka. Kwa mji wetu huu wa pwani, basi nilikuwa nadeki juu juu tu.

Akaniuliza, una ile taa ya kukagulia noti bandia? Nikaenda kuazima kwa jirani yangu, wakala wa pesa za simu. Usiku tukazima taa zote. Jamani. Nilipopitisha ule mwanga wa zambarau chini, madoa yalitoka ya kijani na njano kama ramani. Mguu wa kochi unaoelekea ukutani ulikuwa na michirizi mitano, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umeanza kimo kile kile na kuchuruzika hadi sakafuni. Mbao ya pale ilikuwa imeshakuwa laini, nikiibonyeza kwa ukucha inaingia. Na kwenye zulia, mahali hasa ninapotandika mswala, palikuwa na doa la ukubwa wa sinia. Nilikaa chini nikalia.

Kesho yake zulia lilitoka nje na halikurudi. Sasa natandika mkeka, kwa sababu mkeka naufua na kuuanika siku hiyo hiyo. Sakafu niliiloweka kwa maji baridi na sabuni ya unga yenye vimeng'enya (soma nyuma ya pakiti, imeandikwa "enzymes"), nikaiacha saa nzima, nikasuuza, nikapangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, nikafungua madirisha. Nikarudia siku nne mfululizo. Tangu hapo sheria yangu ni moja: mkojo usilale. Ukiuona saa nane usiku, uamke uufute saa nane usiku.

Choo chao kiko uani, mabeseni matano mapana. Ndani naweka maranda na vumbi la mbao ninalopewa bure na seremala. Wataalamu wanasema beseni moja kwa kila paka na moja la ziada, ila wangu mchana wanatoka, matano yananitosha. Naondoa uchafu baada ya alfajiri na baada ya isha. Hii ya kila siku si usafi tu: vijidudu vya toksoplasma vilivyomo kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo ukitupa mapema umeviwahi. Mwenye mimba asiguse kazi hiyo kabisa.

Kucha zao nimezipa nguzo ya uani niliyoizungushia kamba ya mkonge, na tuko Tanga, mkonge hautushindi. Kochi sasa linapumua. Manyoya nayakusanya kwa glovu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, unapitisha mkono na yanajikunja yenyewe. Viroboto: fua matandiko yao, fagia nyufa, maana mayai na funza wao wengi wako sakafuni, si mwilini mwa paka. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini inaua paka, usijaribu.

Lakini dawa kubwa kuliko zote ni kuhasi. Madume wangu manne walikuwa wakirusha mkojo kila kona kuwekeana mipaka. Walipohasiwa, watatu waliacha ndani ya wiki chache, wa nne amebaki na mguu mmoja wa meza anaourudia, nami naurudia na sabuni yangu. Mkojo usilale.

Na hapa niseme na wale wanaobeba vitoto vya paka kwenye mfuko na kwenda kuvimwaga soko la samaki, Deep Sea. Watatu kati ya tisa wangu nimewaokota kule, mmoja macho yamegandana kwa usaha. Mimba ya paka ni miezi miwili tu, na jike wa miezi mitano anaweza kushika. Ulijua, ukanyamaza, ukatupa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa paka si najisi, ni miongoni mwa viumbe vinavyotuzunguka. Mkojo wake ndio najisi, na huo ni jukumu la mwenye nyumba, paka hajui kushika ndoo. Muogope Mungu. Ukimfuga, mfuge kweli: mhasi, mlishe, msafishie.

Wifi yangu alikuwepo Jumapili, yeye ndiye aliyekuwa akipokea sahani mlangoni. Adhana ya maghribi ilipoadhiniwa wageni walikuwa wanaaga. Nilikuwa jikoni nafunga kaimati za kuwapa njiani, niliporudi sebuleni nikamkuta ameshautoa mswala kabatini mwenyewe, ameutandika juu ya mkeka, yuko rakaa ya pili.