Jibu: Ultrasaundi ya misuli inatosha bila kipimo cha sindano?

Pole dada. Nimekuelewa: misuli ya mkono wa mumeo inacheza yenyewe, mshiko umelegea, daktari anahofia ugonjwa wa niuroni za mwendo (neva zinazoendesha misuli huharibika) na ameagiza ultrasaundi. Unauliza kama EMG, kile kipimo cha sindano, inaweza kuachwa.

Ultrasaundi ni hodari kwa kuona msuli unaocheza. Inatazama eneo pana kuliko ncha ya sindano, inafika misuli ya ndani isiyoonekana kwa macho, hata ulimi, na haiumi. Mumeo atalala ametulia, kifaa kishikiliwe bila kusogezwa juu ya kila msuli kwa muda. Akijikaza au akitetemeka kwa baridi, picha inavurugika. Aombe shuka bila haya.

Ila msuli kucheza peke yake si ugonjwa. Watu wenye afya njema kabisa huchezwa na misuli, hasa ya shavu la mguu (mimi mmojawapo). Kinachotia uzito ni kucheza sehemu nyingi pamoja na udhaifu na msuli kukonda. Na kama neva zimeacha kuulisha msuli umeme, hilo EMG ndiyo hulionyesha. Kwa hiyo nisingeiacha. Muulize daktari wa neva: misuli ipi itapimwa, na EMG ni lini?

Mpige video mkono ukicheza, mwende nayo.

Akianza kupaliwa, ulimi kuwa mzito au kukosa pumzi akilala chali, msisubiri miadi. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.