Get sio kupata tu jamani

Ukitaka kumjua mtu aliyejifunza kiingereza kwa kukariri mwambie "I don't get it", atakuuliza hujapata nini, wakati we umesema huelewi.

Mi hapa Arusha nawanoa vijana wanaotaka kuwa tour guide na kinachowatesa sio yale maneno marefu, ni haka ka get. Shuleni tuliambiwa get ni kupata, basi, mada ikafungwa. Sawa, get a job ni kupata kazi, hapo haina shida, sasa mgeni anakwambia "it's getting cold" we unabaki unawaza baridi imepata nini wakati mwenzio anataka sweta lake.

Ushauri wangu acha kukariri maana, angalia kinachofuata baada ya get. Ikifuata sifa kama cold, tired au old ujue hali inabadilika, he is getting old ni anazeeka. Ikifuata to na jina la mahali ni kufika, "when do we get to Karatu?", na hili ndo utaulizwa njia nzima kwahiyo hata ukisahau mengine yote hili lishike. Alafu kuna kumfanya mtu afanye kitu, "get the driver to stop" ni mwambie dereva asimame, sio mkamate dereva.

Balaa liko kwenye vile vineno vya nyuma. Get off unashuka kwenye basi, ila kwenye gari dogo watasema get out, na hapo usiniulize kwanini, sikiliza wanavyosema ufuate. "We got lost" wamepotea njia, wahurumie, lakini mtu akikugeukia akasema "get lost!" hapo umefukuzwa mzee. Got it kwenye meseji ni nimekuelewa, au ule mzigo umefika, inategemea mlikuwa mnaongelea nini.

Mmarekani akisema gotten usijifanye kumsahihisha, kwao ndo sahihi, Waingereza wengi ndo wanaishia got.

Kwenye mtihani au barua ya kuomba kazi hapo punguza, andika receive, become, arrive. Ila mdomoni iache itiririke, maana guide anayesema "we shall arrive" kila baada ya dakika tano anakuwa kama anasoma taarifa ya habari.