Usimhamishe mtoto wa darasa la 10 kufuata shule ya 10 kwa 10

Mkuu, usisaini. Umeandika kwamba hati za nyumba mnasaini Ijumaa, na leo ni Jumanne. Siku tatu zinatosha kukuokoa, ndiyo maana naandika haya nimeegesha lori hapa Amarillo badala ya kulala.

Kwa wanaofungua uzi sasa hivi: mwenzetu yuko Arlington, Texas. Kijana wake yuko darasa la 10 na ni wa 9 kati ya wanafunzi 380. Ana binti mdogo darasa la 5. Wamepata mkopo, wanataka kuhamia kitongoji cha wenye nazo kaskazini mwa Dallas kwa sababu shule za kule zimepewa 10 kwa 10 mtandaoni. Ameuliza kuhusu riba, kodi ya serikali juu ya nyumba, ada ya umoja wa wenye nyumba, na mwishoni kabisa ametupia: "je, kijana atapata shida kuzoea?" Mimi naanza na hilo la mwisho.

Mkuu, unachezea shilingi chooni. Wa 9 kati ya 380 ni asilimia 2.4 ya juu. Unajua maana yake kwa Texas? Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ilizuia vyuo vya hapa kuangalia rangi ya mwombaji. Mwaka uliofuata, 1997, wabunge wakapitisha sheria: aliyemaliza ndani ya asilimia 10 ya juu ya shule yake, na kutimiza masharti ya masomo, anapokelewa moja kwa moja chuo kikuu cha umma. Haijalishi shule iko kijijini karibu na mpaka wa Mexico au kwenye mtaa wa mabilionea. UT Austin, yaani Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, walielemewa na maombi, wakaruhusiwa kupunguza. Kwa miaka kadhaa ilikuwa asilimia 6, na kwa wanaoingia kuanzia 2026 ni asilimia 5. Texas A&M, chuo kikuu kingine cha umma, wamebaki na 10. Kijana wako ana tiketi mkononi, na wewe unataka kwenda kuitupa kwa mkopo wa miaka 30.

Najua kwa sababu mimi niliitupa ya binti yangu.

Mwaka 2021 alikuwa amemaliza darasa la 9, wa 11 kati ya 430, kwenye shule ya kawaida tu yenye watoto wa mafundi, wauguzi na wapishi. Tulikuwa na nyumba tuliyoinunua kwa dola 168,000. Tukaiuza, tukanunua ya dola 565,000 kwenye kitongoji kama hicho unachokitaka wewe. Mke wangu akaongeza zamu za usiku hospitalini, mimi nikaacha safari za karibu nikachukua za mbali. Tulijifunga kibwebwe kweli kweli. Shule mpya, darasa lake peke yake lilikuwa na wanafunzi 1,140. Muhula wa kwanza ukaisha, nafasi ikatoka: wa 263.

Alikuwa mtoto yuleyule. Alama zake hazikushuka kiasi hicho, karibu masomo yote alikuwa juu ya 90. Kilichomshusha ni hesabu, na hii hesabu naomba uielewe kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye wilaya yetu ya shule (kwa walioko nyumbani: hapa kila eneo lina bodi yake ya shule inayojiendesha, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwenye kodi za nyumba za eneo hilo), alama kamili kwenye somo la kawaida ilihesabiwa 4.0, na kwenye somo la AP, yaani lile la kiwango cha chuo, 5.0. Wenzake walianza kukusanya masomo ya sekondari wakiwa darasa la 7. Aljebra na Kihispania walishamaliza kabla hawajafika darasa la 9, na darasa la 9 wakaingia na AP ya jiografia. Binti yangu alitoka shule ambayo darasa la 9 lote lilikuwa masomo ya kawaida. Alipata alama za juu sana, lakini zote zikahesabiwa kwa 4.0. Mwaka ule mzima ukawa jiwe alilofungwa mguuni, na hakuna namna ya kuurudia. Wenzake walianza mbio wakiwa na miaka 12, na mimi nilimleta uwanjani ana miaka 15 nikamwambia kimbia, una akili.

Alikimbia. Mwisho wa darasa la 11, ambapo ndipo nafasi inayopelekwa vyuoni inapatikana, alikuwa wa 171. Alipita watu 92. Kwa Austin alitakiwa awe ndani ya 68 (asilimia 6 ya wakati ule), kwa A&M ndani ya 114. Hakupata hata kimoja kwa njia ya moja kwa moja. Rafiki yake wa shule ya zamani, ambaye binti yangu alikuwa akimfundisha hesabu kwa simu, aliingia Austin bila wasiwasi. Binti yangu alimpongeza, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Sasa nizungumzie dalali aliyetuuzia nyumba hiyo. Ni Mtanzania mwenzetu, tunakutana naye kwenye misiba na harusi, sitamtaja. Alikuja nyumbani, akala pilau yetu, akamtazama binti akasema, "Kaka, mtoto mwenye akili kama huyu mnamzika hapa?" Neno hilo lilinichoma mpaka usiku. Akanionyesha zile namba za mtandaoni, 10 kwa 10, 9 kwa 10. Hakuniambia kwamba namba hizo kwa sehemu kubwa zinatokana na matokeo ya mitihani, na matokeo ya mitihani hapa yanafuata kipato cha wazazi kama kivuli. Mwanawe mwenyewe alikuwa anasoma kule! Alijua nafasi zinavyohesabiwa, alijua watoto wanaohamia darasa la 10 kinawakuta nini. Alinyamaza mpaka kamisheni yake ikaingia. Nilipomuuliza baadaye alisema, "Mzee, mimi nauza nyumba, siuzi shule." Uongo. Aliuza shule, nyumba ilikuwa kifungashio tu. Na mshauri wa wanafunzi wa pale, tulipokwenda kumwandikisha, alisema "atazoea" huku anatazama kompyuta yake.

Usiku mmoja, akiwa darasa la 11, nilirudi kutoka Laredo saa nane usiku. Nyumba giza, lakini chini ya mlango wa bafu kuna mwanga. Nikagonga, kimya. Nikafungua. Binti yangu alikuwa amekaa ndani ya beseni la kuogea, kavu, amevaa koti, kompyuta juu ya mapaja, kitabu cha kemia kimeegemea bomba. Alikuwa amebandika vikaratasi vya fomula kwenye vigae kila upande, kwa maji tu, bila gundi, na vingine vilikuwa vimeshadondoka. Alikaa mle ili mwanga usimwamshe mdogo wake wanayelala chumba kimoja. Akasema, "Shikamoo baba." Nikaitikia, nikakaa juu ya kifuniko cha choo na viatu vyangu vya kazi. Akaniuliza, "Baba, wewe kule Tabora ulikuwa wa ngapi?"

Mimi ndiye niliyemjaza hizo habari tangu mdogo. Wa kwanza kati ya 87, wa pili kati ya 91, ripoti zangu nimeziweka kwenye faili mpaka leo. Sisi tumelelewa hivyo, kila ripoti ina nafasi, kila baba anauliza nafasi. Baraza la Mitihani kule nyumbani lilipoacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na watahiniwa kumi bora, humu jukwaani watu walikasirika. Mimi sikukasirika. Nilikuwa nimeshaona mtoto wangu ndani ya beseni kavu.

Aliacha kwaya pia. Aliimba tangu ana miaka sita, kanisani na shuleni. Kwaya huhesabiwa 4.0. Fanya hesabu: masomo saba, sita ya AP ukiyapata kwa 4.8, ukaweka na kwaya kwa alama kamili, wastani wako unashuka hadi 4.69. Yaani ukiimba vizuri kuliko wote, unaadhibiwa. Akabadilisha kwaya na AP ya mazingira, somo asilolipenda hata kidogo. Mwaka ule hakuimba hata jikoni.

Halafu kuna maisha yao ya kijamii, ambayo hakuna mtandao unaoyapa namba. Mtoto akifikisha miaka 16 ananunuliwa gari, na maegesho ya wanafunzi yana magari mazuri kuliko ya walimu. Wiki ya sherehe za mpira wa vuli, wasichana wanavaa ua la bandia kubwa kama sinia, riboni mpaka magotini na kengele ndogo ndogo, Watexas wanaliita mamu. Mengine yanagharimu mamia ya dola, kwa siku moja. Pesa ya michezo ndiyo usiseme: mji wa Allen, hapo hapo kaskazini mwa Dallas, ulifungua uwanja wa mpira wa Kimarekani wa sekondari mwaka 2012 kwa dola milioni 60, watu 18,000 wanakaa. Binti hakuomba ua wala gari. Aliacha tu kualika watu nyumbani, na alipoalikwa alisema ana mtihani. Mara nyingi alikuwa nao kweli.

Kilichoniuma zaidi ni usiri wao. Hawaambiani wanasoma nini likizo, wala mwalimu gani wa tuisheni, wala chuo gani wanaomba, maana rafiki yako ndiye anayekushusha nafasi. Aliniambia kuna wanaonunua kwa wenzao vidonge wanavyoandikiwa watoto wenye tatizo la kutulia, ili wakeshe. Wazazi wao ni madaktari na mawakili.

Nilidhani ni shule yetu tu. Baadaye, tulipokuwa tunalipa dola 140 kila wiki kwa mtaalamu wa afya ya akili, nikaanza kusoma. Mtafiti mmoja mzaliwa wa India, Suniya Luthar, aliyefariki 2023, alianza kuliona jambo hili miaka ya 1990. Alilinganisha vijana wa vitongoji vya matajiri na wa mitaa maskini ya mjini, akakuta wale wa matajiri ndio wanaotumia zaidi pombe, sigara na bangi, na wana wasiwasi zaidi. Mwaka 2018 ripoti ya Robert Wood Johnson Foundation, taasisi ya hapa inayofadhili mambo ya afya, ikaweka shinikizo la kufaulu, hasa kwenye jamii zenye uwezo, kwenye orodha moja na umaskini, ubaguzi na maumivu ya utotoni kama mambo yanayohatarisha afya ya vijana. Palo Alto kule California, mji wa watu wa Stanford na kampuni za teknolojia, walipoteza wanafunzi waliojitoa uhai mwaka 2009 na 2010, kisha tena 2014 na 2015, mpaka taasisi ya serikali ya afya, CDC, ikatumwa kuchunguza mwaka 2016. Watafiti hawataji sababu moja kwa mambo kama hayo, na mimi sitaji. Lakini nilisoma hayo saa tisa usiku, kisha nikaenda kusikiliza mlangoni kwa binti yangu kama anapumua. Aliye na mtoto anayemtia shaka, hapa Marekani namba 988 inapokelewa saa 24, kwa kupiga au ujumbe.

Yuko Denton sasa, chuo kikuu, anaendelea vizuri, na amerudi kuimba. Namshukuru Mungu kila siku. Lakini miaka miwili ile sitaipata, na yeye haipati.

Kodi ya nyumba: sisi tulilipa kama dola 11,500 kwa mwaka, weka akiba yake kila mwezi. Riba waulize wenye benki tatu tofauti.

Kanuni yangu ni moja tu: mtoto akishaanza darasa la 9, hahamishwi kufuata sifa ya shule. Kama mnakitaka kitongoji hicho, subirini miaka miwili kijana amalize akiwa ndani ya kumi bora zake. Binti wa darasa la 5 atakuwa anaingia la 8 na mtakuwa mnajua mnachokiendea. Nyumba hazitaisha Texas.

Na kama bado unafikiria Ijumaa, basi kesho asubuhi piga simu ofisi ya shule hiyo mpya. Waombe mwongozo wa masomo, fungua ukurasa wa kukokotoa wastani. Waulize mambo matatu: alama za kijana za darasa la 9 na la 10 zitahesabiwa kwa uzito gani, darasa lake lina wanafunzi wangapi, na aliyeko mwisho wa asilimia 5 ana wastani wa ngapi. Usikubali "atazoea". Dai namba. Kisha kaa na kijana mezani, kalamu mkononi, mpige hesabu pamoja, na umwache yeye aseme.

Mimi nafika Albuquerque kesho mchana. Weka hapa walichokujibu.