Kutikisa mzeituni siyo kuuadhibu: niliyojifunza Jaén

Msimu wangu wa kwanza Jaén, kusini mwa Hispania, nilijua naenda kwenye kazi rahisi ya kuvuna zeituni. Mi nimekulia Newala bwana, kule korosho inadondoka yenyewe we unainama unaokota, na embe likikaidi unalipopoa kwa jiwe basi limekuja. Kumbe zeituni haina adabu hiyo. Ukiisubiri idondoke yenyewe ishakuwa mbovu, na zile za kuokota chini zinatengwa na za mtini hadi kiwandani, mafuta yake ni ya daraja la chini na bei ndo hivyo tena. Kwa hiyo kuanzia Novemba hivi mpaka Januari mashamba yote yananguruma trekta.

Trekta mbele ina mkono wenye koleo kubwa, ndani yake kuna mipira minene, linabana shina. Kwenye kile kichwa cha koleo kuna vyuma vizito vinavyozunguka vikiwa vimelalia upande mmoja, na hivyo ndo vinautetemesha mti zaidi ya mara 20 kwa sekunde moja. Chini mshatandika neti. Mashine inapiga kelele, sekunde chache tu, zeituni zinamwagika kama mvua ya mawe halafu kimya.

Sasa nilichokuwa sielewi ni kitu gani hasa kinazikwanyua, nilidhani ni nguvu tu, yaani ukizidisha ndo zinadondoka zaidi. Siyo. Ukikung'uta mkeka, mkeka unaondoka kwa ghafla na vumbi linabaki nyuma, si ndiyo? Hapa tawi linakwenda na kurudi haraka mno, zeituni kwa uzito wake inachelewa, tawi likirudi yenyewe ndo kwanza inakwenda, basi kikonyo kinavutwa na kukunjwa huku na huku mpaka kinaachia. Kwa hiyo zeituni inajing'oa kwa uzito wake mwenyewe. Ndo maana nene na iliyoiva inashuka mapema, ila ndogo au mbichi inang'ang'ania, zeituni ya gramu tatu nne ikiwa bado kijani unaweza kuivuta kwa nguvu kama ya kubeba nusu kilo ndo iachie. Na mbegu nazo hazifanani, Picual ambayo ndo imejaa Jaén haisumbui sana, Hojiblanca ndugu yangu ndo inang'ang'ania kweli.

Ukishaelewa hapo utajua kwa nini kuongeza sekunde hakusaidii. Nyingi zinashuka mwanzoni kabisa, baada ya hapo unapukutisha majani na kuvunja vijiti vitakavyozaa mwakani. Mi napiga sekunde tano hivi, naacha mti utulie, napiga tena mara moja, basi. Na usichezee kasi ya injini, ipandishe moja kwa moja na uzime moja kwa moja, kwa sababu mtetemo ukiwa wa polepole, pale mashine inapoanza na inapozima, ndo mti unayumba vibaya. Matawi yanayoning'inia kama nywele yanameza mtetemo wote, haufiki kwenye tunda, hayo hata utikise hadi jioni hayatoi kitu. Hiyo ni kazi ya aliyepogoa, siyo yako.

Koleo sasa. Hapa nina aibu yangu. Kulikuwa kumenyesha siku mbili halafu likatoka jua la joto, mi nikabana shina kwa haraka, koleo likiwa limekaa mshazari na halijakaza vizuri, nikawasha. Gome likateleza kama ganda la ndizi, kipande cha kiganja kizima, mti mweupe unaonekana. Mzee mwenye shamba hakusema neno, alikuja akaligusa tu lile jeraha na kidole halafu akaondoka, na mi ningependa angenitukana. Utomvu ukiwa unatembea gome linakuwa halijashika vizuri, na pale palipochunika wanaingia bakteria wanaoufanya mzeituni uote vinundu kama majipu. Kwa hiyo koleo likae mraba na shina, likaze kabla hujawasha, na usilifungue mpaka mtetemo umekwisha kabisa. Miti michanga usiiguse na mashine hii.

Halafu mizeituni mingi ya zamani kule ina mashina mawili matatu yametoka shimo moja, kila shina unalibana peke yake, hakuna njia ya mkato. Zitakazobaki juu waachie wenye fimbo, huwa wapo wanazipura pembeni yako, usione wamekuja kukuumbua.

Na kama watakupa ile mashine ndogo ya kuvaa begani, yenye bomba refu na ndoano mbele, ndoano iweke tawi likae nayo kona kama herufi T, ukiweka kishamba inateleza na kuchubua. Glavu nene uvae, na mbadilishane na mwenzio. Mi nilijitia ubabe nikashinda nayo siku nzima, usiku nakoroga chai kijiko kinagonga kikombe chenyewe.